Kuhamisha Data Bila Kufunga Mlango

Ndani ya msimbo wa GitLab kuna folda iitwayo db/docs, na humo kila jedwali la hifadhidata lina faili lake fupi. Faili linataja jina la jedwali, kazi yake, toleo lililolileta, na mstari mmoja unaosema jedwali hilo ni la skima ipi, yaani la kundi lipi la majedwali: gitlab_main, gitlab_ci au nyingine. Yako mamia ya mafaili ya namna hiyo, na mpita njia hataona cha kumsimamisha. Lakini aliyewahi kutunza mfumo unaotumiwa na watu usiku na mchana akiyafungua atakaa nayo, kwa sababu yanabeba kazi ya ufundi ninayoihusudu kuliko nyingi nilizosoma katika fani hii: jinsi hifadhidata moja kubwa ya PostgreSQL ilivyogawanywa kuwa mbili, hatua kwa hatua, huku wenye kuitumia wakiendelea na shughuli zao karibu muda wote.

GitLab ilianza mwaka 2011 mikononi mwa Dmitriy Zaporozhets, mwandishi wa programu kutoka Ukraine, kwa kutumia kiunzi cha Ruby on Rails. Watu huweka humo msimbo wa programu zao, hujadiliana kuhusu mabadiliko, na kila badiliko linapoingia huanzisha kazi za kujenga na kupima, zile ambazo waandishi wa programu huziita CI. Kampuni inayoitunza ina desturi adimu: karibu kila kitu hukiandika hadharani. Mijadala ya wahandisi, migresheni zenyewe, miongozo ya ndani, hata taarifa za ajali, vyote vinasomeka. Kijana wa Dodoma au Kigali mwenye simu na bando anaweza kukaa ubavuni mwa mafundi hawa na kuutazama mkono wao unavyokwenda. Nafasi ya namna hiyo si ya kupuuza.

Migresheni ni faili dogo la msimbo linaloeleza badiliko moja katika muundo wa hifadhidata: ongeza safuwima hii, tengeneza faharasa ile, ondoa jedwali lile. Rails imekuwa nazo tangu siku zake za mwanzo. Hapo awali mafaili yalipewa namba za mfuatano, 001, 002, 003, na waandishi wawili waliofanya kazi siku moja wakijikuta kila mmoja ameandika 048 yake. Mwaka 2008, katika Rails 2.1, namba hizo zikapisha muhuri wa wakati wenye tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Hifadhidata nayo hubeba jedwali dogo liitwalo schema_migrations, ambamo kila migresheni iliyokwisha kupita huacha muhuri wake. Amri ikitolewa, mfumo hulinganisha mafaili yaliyo kwenye folda na mihuri iliyo kwenye jedwali, kisha hutekeleza kilichopungua tu. Wazo ni jepesi kiasi kwamba mtu husahau kulistaajabia. Hifadhidata inajua historia yake yenyewe, na seva yoyote mpya inaweza kuupitia utaratibu uleule na kufika mahali palepale.

Kwenye kompyuta ya mwandishi mambo yote huwa rahisi. Jedwali lina rekodi chache za majaribio, hakuna mwingine anayelisoma, na migresheni hupita kabla kidole hakijaondoka kwenye kibonyezo. Mfumo ukiwa hewani, kazi ileile inageuka kuwa kama kuezeka upya paa la makuti la nyumba yenye watu ndani, katikati ya masika: huondoi fungu moja kabla ya kulaza jingine chini yake.

PostgreSQL, ili ibadili muundo wa jedwali, mara nyingi huhitaji kufuli liitwalo ACCESS EXCLUSIVE, ambalo halivumilii hata msomaji. Kwenye jedwali lililotulia, kufuli hilo hupatikana na kuachiliwa ndani ya milisekunde chache. Shida iko kwenye foleni. Tuseme ripoti ndefu inalisoma jedwali kwa dakika tano. Migresheni inakuja na kusubiri ripoti imalize. Baada yake linakuja ulizo la mtumiaji wa kawaida anayetaka kusoma tu, jambo ambalo ripoti isingelizuia kamwe. Lakini kwa kuwa migresheni imetangulia kwenye foleni, msomaji naye anasimama nyuma yake. Anakuja wa pili, wa kumi, wa elfu. Badiliko ambalo lenyewe lingekwisha kwa kupepesa jicho limelifunga jedwali kwa dakika tano, na tovuti nzima imekwama nyuma ya kitu ambacho bado hakijaanza kufanya kazi.

Dawa waliyoichagua mafundi wa GitLab naipenda kwa adabu yake. Wana kisaidizi kiitwacho with_lock_retries. Migresheni huomba kufuli na kujiwekea kikomo cha kusubiri, kuanzia sehemu ya kumi ya sekunde. Isipolipata, hutoka kwenye foleni, wengine hupita, nayo hupumzika kidogo kisha huja tena, ikisubiri kwa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita. Hurudia hivyo mara nyingi. Aliyeandika kisaidizi hiki alikubali kwamba migresheni ni mgeni ndani ya hifadhidata, na wenyeji ni watumiaji. Hilo liko ndani ya msimbo, halikuachwa kwenye hati ya nasaha ambayo mtu mwenye haraka ataipita bila kuisoma.

Faharasa zina njia yake. PostgreSQL inaweza kutengeneza faharasa bila kuwazuia wanaoandika, kwa amri ya CREATE INDEX CONCURRENTLY, lakini hilo lina gharama. Jedwali hupitiwa mara mbili badala ya moja, amri haikubali kuwa ndani ya muamala, ile kinga inayorudisha kila kitu kilivyokuwa kazi ikishindikana, na ikikatika njiani huacha faharasa mbovu iliyoandikwa INVALID, ambayo lazima mtu aiondoe kabla ya kujaribu tena. Kwa hiyo migresheni ya faharasa huanza kwa kutamka wazi kwamba haitaki muamala, na haichanganywi na kazi nyingine. Anayesoma faili hilo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani mwandishi amesahau kinga. Kinyume chake, ameivua kwa makusudi, na ndiyo maana hakuweka kitu kingine chochote ndani ya faili hilo.

Kisha kuna kuondoa safuwima, na hapa ndipo subira ya fani hii inapoonekana vizuri zaidi. Kuifuta safuwima ni mstari mmoja wa SQL. Lakini Rails, inapoamka, hukariri orodha ya safuwima za kila jedwali na kuishika kichwani. Toleo jipya linapopandishwa, seva hazibadiliki zote kwa pamoja. Kwa muda fulani za zamani na mpya hufanya kazi bega kwa bega juu ya hifadhidata ileile. Ukiifuta safuwima wakati huo, seva za zamani zitaendelea kuitaja, na kila kutaja ni kosa mbele ya mtumiaji. Kwa hiyo GitLab hulipeleka jambo hili katika matoleo matatu. Toleo la kwanza huiambia programu ijifanye haiioni safuwima hiyo. Toleo la pili huifuta, na si kabla ya msimbo mpya kuenea bali baada yake, kwa migresheni za aina ya pekee zinazongoja seva zote ziwe zimebadilika. Toleo la tatu huondoa ile amri ya kutoiona, maana haina kazi tena. Matoleo ya kawaida hutoka mara moja kwa mwezi. Miezi mitatu, basi, kwa safuwima moja ambayo hakuna anayeihitaji. Wapo wanaoona huo ni urasimu. Mimi naona mtu aliyefikiria kila sekunde ambayo ukweli wa zamani na ukweli mpya vitalazimika kuishi pamoja, akahakikisha hakuna sekunde inayomuumiza mtu.

Data yenyewe inapohitaji kubadilishwa, mamilioni ya rekodi, kazi hiyo hutolewa kabisa nje ya migresheni za kawaida. Hukatwa mafungu madogo na kuendeshwa taratibu nyuma ya pazia kwa saa au siku kadhaa, na kasi yake hupungua hifadhidata ikionyesha dalili za kuelemewa.

Yote haya yalikuwa yamekwisha kuzoeleka pale hifadhidata moja ilipoanza kutotosha. Nakala za kusoma husaidia wasomaji, unaweza kuziongeza. Waandishi hawana msaada huo, kwa sababu kila uandishi lazima upite kwenye hifadhidata kuu, na hiyo ni mashine moja, ambayo hata ukiinunulia vifaa vya ghali kiasi gani ina kikomo. Kazi za CI zilikuwa zikiandika sana: kila kazi huzaliwa, hupangwa, huanza, humalizika, na kila hatua ni rekodi inayobadilika. Uamuzi ukawa kuzitenga na kuzipa hifadhidata yake.

Bahati njema, kiunzi kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Rails 6.0, iliyotoka Agosti 2019, ndiyo iliyoleta uwezo wa kuwa na hifadhidata nyingi ndani ya programu moja bila kubuni mbinu za kienyeji. Kazi hiyo iliongozwa na Eileen Uchitelle, wakati huo mhandisi wa GitHub, ambako walikuwa wameishi kwa miaka na hifadhidata nyingi kwa msimbo wao wenyewe. Ukifungua faili la config/database.yml siku hizi, chini ya mazingira ya hewani unaweza kuorodhesha hifadhidata kwa majina, kila moja na anwani yake, mtumiaji wake, na folda yake ya migresheni. Nakala ya kusoma huwekewa alama ya replica: true, na kwa alama hiyo tu Rails inajua isithubutu kuipelekea migresheni. Kuna pia kipengele kidogo kinachonifurahisha kila ninapokikumbuka. Mtu akishaandika kitu, maombi yake yanayofuata hupelekwa kwenye hifadhidata kuu kwa sekunde mbili, ndipo arudishwe kwenye nakala. Nakala huchelewa kidogo kupata habari, na bila sekunde hizo mbili mtu angehifadhi maoni yake, ukurasa ukafunguka, na maoni yasiwepo. Angeandika tena. Sekunde mbili zimemwepusha na wasiwasi ambao asingejua chanzo chake.

Kutaja hifadhidata mbili kwenye faili la mpangilio ni dakika chache. Ugumu uko kwenye miaka ya mazoea iliyojengwa juu ya dhana kwamba majedwali yote yako nyumba moja. Msimbo ulijaa maulizo yanayounganisha jedwali la CI na jedwali la miradi kwa sentensi moja ya SQL. Hifadhidata zikitengana, sentensi hiyo haina maana tena. Wahandisi waliweka mtego ndani ya majaribio: ulizo lolote linalogusa majedwali ya skima mbili huliangusha jaribio papo hapo. Mtego wa namna hiyo, ukiwekwa kwenye msimbo mkubwa, siku ya kwanza huangusha maelfu ya majaribio na kazi yote husimama. Wakatoa ruhusa ya muda. Sehemu yenye kosa ingeweza kufungiwa ndani ya neno allow_cross_joins_across_databases, kwa sharti moja: lazima iandikwe anwani ya suala lililofunguliwa kuhusu kosa hilo. Huwezi kuomba msamaha bila kusajili deni. Kuanzia siku hiyo hakuna kosa jipya lililoweza kuingia kimyakimya, na yaliyokuwepo yalikuwa na orodha. Katika mradi wote huu, hicho ndicho kipande ninachokiheshimu zaidi, kwa sababu kilitambua kwamba timu nyingi zingeendelea kuandika msimbo wao huku msingi ukihamishwa chini yao.

Funguo zinazounganisha jedwali na jedwali zilikuwa kazi nyingine. Mradi ukifutwa, PostgreSQL hufuta yenyewe rekodi zote zinazoutegemea, lakini uwezo huo hauvuki mpaka wa hifadhidata. Badala yake walitengeneza walichokiita funguo legevu. Rekodi ya mzazi ikifutwa, triga, msimbo mdogo unaojiendesha ndani ya hifadhidata, huandika jina lake kwenye jedwali la waliofutwa. Mfanyakazi wa nyuma ya pazia hupita mara kwa mara, husoma orodha, na kwenda kwenye hifadhidata ya pili kuwafuta watoto au kuwaondolea jina la mzazi. Kuna muda mfupi ambapo watoto wanabaki bila mzazi, na msimbo ulipaswa kufundishwa kuuvumilia muda huo. Waliokubali hilo walikubali kupoteza uhakika waliokuwa wakipewa bure na hifadhidata, wakaueleza waziwazi kwenye mwongozo.

Upande wa migresheni wakafanya uchaguzi ambao mwanzoni unashangaza. Hifadhidata zote mbili zina majedwali yote. Migresheni ya kubadili muundo hupita kote kuwili, na kila hifadhidata huweka muhuri wake kwenye schema_migrations yake. Migresheni ya kubadili data, kwa upande mwingine, lazima itangaze skima inayoihusu kwa amri ya restrict_gitlab_migration, na hairuhusiwi kugusa muundo. Aina hizi mbili hazichanganywi katika faili moja. Gharama ni majedwali matupu upande usioyahitaji. Faida ni kwamba muundo ni mmoja, umeandikwa mahali pamoja, na hakuna siku ambayo mtu atabaki akijiuliza kama hifadhidata ya pili imeachwa nyuma.

Uangalifu huu una historia. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika kuitengeneza nakala iliyoachwa nyuma, alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya nakala. Alikuwa kwenye seva kuu. Majina ya mashine hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Hifadhi za dharura zilizotarajiwa hazikuwepo, kwa kuwa chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo lisilolingana na hifadhidata na kilikuwa kikishindwa bila mtu kupata habari. Kilichookoa ni picha ya data iliyochukuliwa takriban saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Kazi ya urejeshaji ilirushwa moja kwa moja kwenye YouTube, na taarifa iliyofuata ilieleza kila kitu bila kumtupia mtu lawama. Ukiisoma taarifa hiyo, kisha ukausoma mpango wa kugawanya hifadhidata uliokuja miaka michache baadaye, unaona uangalifu wa watu wanaojua kwamba mhandisi hodari naye huchoka usiku.

Mpango wenyewe ulikuwa ngazi. Kwanza programu ilifundishwa kuwa na miunganisho miwili, wa kawaida na wa CI, ingawa yote miwili ilielekea kwenye hifadhidata ileile. Hakuna kilichobadilika kwa mtumiaji, lakini msimbo ulikuwa umeanza kuishi kama vile kuna mbili. Kisha usomaji wa CI ukahamishiwa kwenye kundi la nakala la peke yake. Halafu uandishi wa CI ukapewa njia yake ya kupita, bado ukiishia kwenye hifadhidata kuu ileile. Kila ngazi iliweza kushukwa. Ikitokea hitilafu, mtu anabadili mpangilio na kurudi alipokuwa asubuhi, hakuna data iliyopotea. Ngazi ya mwisho pekee, kulitenga kundi la CI na kulipa hifadhidata kuu yake, ndiyo ambayo isingerudishwa kirahisi, nayo ilitengewa muda wa matengenezo uliotangazwa mapema: Jumamosi, tarehe 2 Julai 2022. Kufikia siku hiyo karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha kufanya kazi hewani, mbele ya watumiaji halisi. Kilichobaki ni kukata kamba moja.

Yapo mengine ambayo mtazamaji wa nje hukosa kuyaona. GitLab haiendeshwi na kampuni yake tu. Mashirika mengi huisimika kwenye seva zao wenyewe, mengine kwenye mashine moja ndogo, na hayana sababu ya kuwa na hifadhidata mbili. Msimbo uleule unapaswa kuwatosha nao. Kwao miunganisho miwili huelekea kwenye hifadhidata moja, na mstari wa database_tasks: false kwenye mpangilio wa CI huzuia migresheni isipite mara mbili juu ya majedwali yaleyale. Adha hii wanaijua vizuri pia watunzaji wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani. Mabadiliko ya hifadhidata yake hubebwa na chombo kiitwacho Liquibase, na yanapaswa kupita salama kwenye seva ya zahanati ambayo huenda imeruka matoleo kadhaa, mbele ya mtu mmoja ambaye kazi yake kuu si kompyuta. Aliyeandika badiliko hilo hatakuwepo chumbani. Alichokijua chote lazima kiwe ndani ya faili.

Baada ya Julai 2022 ilibaki kazi ya kusafisha. Hifadhidata mbili zilizozaliwa na moja zilikuwa na data ileile pande zote: upande wa CI ukiwa na miradi na watumiaji wa zamani, upande wa kwanza ukiwa na kazi za CI zisizo zake. Data hiyo iliyokufa ni hatari, kwa kuwa msimbo ukikosea njia utaandika mahali pasipo pake na hakuna atakayejua. Wakaweka triga kwenye kila jedwali lililoko upande usio wake, inayokataa uandishi wowote kwa kosa lililo wazi. Triga hizo ziliachwa kwanza zifanye kazi hewani, na zilipothibitisha kwamba hakuna anayegusa upande usio wake, ndipo majedwali ya ziada yakafutwa yaliyomo. Katika orodha ya skima sasa imeongezeka gitlab_sec, ya majedwali ya usalama, ili nayo ipate hifadhidata yake, na yale mafaili mafupi ya db/docs yameendelea kusahihishwa, jedwali moja baada ya jingine.